Hospicio si hospisi: Walatino wa Marekani na maamuzi ya mwisho wa uhai

Kwa nini familia ya Kilatino hushtuka daktari akitaja hospisi, yaani huduma ya kumtunza anayekaribia kufa?

Neno lenyewe ndilo balaa. Katika Kihispania cha nchi nyingi za Amerika ya Kilatini, hospicio ni makao ya yatima au mafukara wasio na mtu. Shangazi akilisikia, anaona mnataka kumtupa dada yake. Kumbe hospisi ya Marekani mara nyingi ni muuguzi anayekuja nyumbani, anatuliza maumivu na kuwaelekeza ndugu namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Medicare, bima ya serikali ya wazee, huilipia madaktari wakithibitisha kwamba mgonjwa anatarajiwa kuishi miezi 6 au pungufu. Sharti lake ni zito: anaacha tiba ya kuuponya ugonjwa huo. Akibadili nia, anaruhusiwa kujitoa.

Kumficha mgonjwa hali yake ili asikate tamaa, ni kosa?

Wanaoficha hufanya hivyo kwa mapenzi, siwalaumu. Ila aulizwe kwanza: anataka kuelezwa yote, au aelezwe nani? Akijibu "mwambieni binti yangu mkubwa", huo nao ni uamuzi wake.

Mtoto anayejua Kiingereza atafsiri?

Hapana. Mfikirie binti wa miaka 14, kashika ukingo wa kitanda, daktari anamwambia saratani imefika kwenye ini. Anamgeukia mama: "Anasema upumzike sana." Wewe ungesema nini? Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuleta mkalimani bila malipo. Mwombeni kabla mazungumzo hayajaanza.

Kujaza fomu ya kumtaja msemaji wa mgonjwa si kumwingilia Mungu kazi yake?

Kumtaja msemaji hakumzuii Mungu kuponya. Fomu inasema nani aamue mgonjwa asipoweza kusema, na kama anataka mashine ya kupumulia. Tangu Desemba 1991, hospitali zinazolipwa na Medicare au Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, lazima zimweleze mgonjwa haki hiyo anapolazwa. Wakili hahitajiki, California, kwa mfano, yatosha mashahidi 2 au mthibitishaji wa saini.

Watoto ni sita. Atajwe nani?

Mmoja, na si lazima awe kifungua mimba. Atajwe anayeweza kutekeleza neno la mama hata kama yeye mwenyewe halipendi. Kisha wengine wakusanywe, hata kwa simu, wamsikie mama akimtaja kwa mdomo wake. Ugomvi wa mlangoni mwa wodi ya mahututi kwa kawaida huanzishwa na yule aliyeshuka kwenye ndege jana.