Kivimbe kinachodunda si jipu

Hapa Tanga, mgonjwa wa figo akirudi kutoka kusafishwa damu ana kivimbe kinenani au mkononi, nyumbani huchemshwa maji ya kumkanda. Kisipopungua, mtaani Ngamiani hakukosi mtu wa kusema, "Hilo jipu, litumbuliwe." Jamani, msilitumbue!

Gusa taratibu. Fistula yenyewe, yaani mishipa miwili ya mkononi iliyounganishwa kwa ajili ya kusafisha damu, hutetema kila siku, na hilo ni jema. Cha kutilia shaka ni kivimbe kipya kinachodunda pamoja na moyo: huenda sindano ilitoboa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni), na damu inakusanyika nje ya ukuta wake, imezuiwa na nyama tu. Kukitumbua ni kufungulia bomba. Na wagonjwa hawa huvuja damu kuliko wengine, kwa sababu hupewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakiwa kwenye mashine, na figo zikishindwa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hazifanyi kazi vizuri.

Wengine huogopa kwamba tiba ni kisu tu. Sivyo. Daktari hupima kwanza kwa ultrasaundi. Tundu dogo huweza kuzibwa kwa kuligandamiza, au kwa kudunga thrombini ndani ya kivimbe ili damu igande. Jingine huzibwa kwa stenti yenye kitambaa, yaani kibomba kidogo kinachowekwa ndani ya mshipa. Upasuaji ni hasa kwa uvimbe unaokua haraka, wenye maambukizi, au ngozi iliyokonda.

Damu ikichuruzika nyumbani, bonyeza palepale kwa vidole na shashi safi, usiachie kila mara kuchungulia. Kuufunga mkono kwa kanga kunaweza kugandisha fistula. Wewe bonyeza, mwenzio atafute bajaji ya kwenda hospitali.