Kidole Kinasoma 98? Mzamiaji Usimvue Maski

Wodini tumezoea hivi: kipimo cha kidoleni kikisoma kwamba oksijeni ya damu ni 98%, mgonjwa hana shida ya oksijeni, mtungi unafungwa na kupelekwa kwa anayeuhitaji zaidi. Ni mazoea mazuri, maana oksijeni ni ghali na wanaoisubiri ni wengi. Lakini yupo mgonjwa mmoja anayeumizwa na mazoea hayo, naye ni aliyetoka kuzamia baharini akipumua hewa ya mtungi.

Najua swali linalofuata. Mtaalamu wa dawa za usingizi wa Dodoma kama mimi, wazamiaji anawajulia wapi? Tatizo ni kwamba wazamiaji hawabaki pwani. Mtu anazamia Mnemba, Zanzibar, asubuhi, anavuka kwa boti, anawahi treni ya SGR, na usiku yuko Area C hapa Dodoma analalamika bega linamkeketa na miguu inakufa ganzi. Anameza dawa ya maumivu, analala.

Mji wetu uko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na hewa inatugandamiza kwa takriban 88% tu ya inavyogandamiza pwani. Pakiti ya krispi iliyofungwa Dar huvimba ikifika huku. Viputo vya gesi mwilini mwa mzamiaji hufanya vivyo hivyo. Wazamiaji hushauriwa wasipande ndege kabla ya kupita saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, au saa 18 wakiwa wamezamia mara kadhaa. Ushauri huo unahusu kimo cha kuanzia kama mita 600, kwa hiyo Dodoma imo hata kama umekuja kwa treni.

Ukiwa mita 30 chini ya maji, mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu. Naitrojeni, ambayo ni karibu 78% ya hewa, inayeyuka kwa wingi kwenye damu na misuli. Ukipanda haraka inakosa muda wa kutoka kupitia mapafu, inageuka viputo: kwenye viungo, kwenye mishipa, na pabaya zaidi, kwenye uti wa mgongo. Mara nyingi mapafu yenyewe ni mazima, ndiyo maana kidole kinasoma vizuri.

Kwa hiyo oksijeni tunayompa haifukuzii namba ya kidoleni. Akipumua oksijeni tupu, kwenye mapafu hakubaki naitrojeni, basi ile iliyo kwenye damu inavutwa kutoka na kiputo kinanywea. Papo hapo, sehemu iliyozibiwa damu inapata oksijeni ya ziada. Mfaransa Paul Bert aliyaeleza haya tangu 1878.

Mpira wa puani wa lita tatu hapa ni mapambo. Anahitaji maski yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Jaza mfuko kwanza ndipo umvalishe, na mfuko usinywee kabisa anapovuta pumzi. Mashine ya umeme ya kutoa oksijeni, ya lita tano kwa dakika, haimtoshi. Itumie kama hakuna kingine, huku mtungi ukitafutwa. Halafu piga hesabu: mtungi mdogo wa lita 680 unaisha baada ya dakika 45, ule mkubwa wa lita 6,800 unakwenda saa saba na nusu. Barabara ya kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 400. Atakayepakia mtungi mmoja mkubwa akaona umetosha, hajawahi kukwama kwenye foleni ya malori.

Alazwe chali, kichwa kisiinamishwe chini ya mwili. Kama ana fahamu na hatapiki, anywe maji. La sivyo dripu isiyo na sukari. Muulize mara ya mwisho amekojoa lini, maana uti wa mgongo ukiguswa kibofu hugoma, na hapo atahitaji mpira wa mkojo. Kwa wenzangu wa usingizi: naitrasi oksaidi, ile gesi ya usingizi, asipewe hata kidogo, wala gesi ya kupunguza uchungu iliyochanganywa nayo. Inaingia kwenye viputo na kuvikuza.

Uchambuzi uliochapishwa 2007 ulipitia taarifa 2,231 za wazamiaji waliopata madhara. Kati ya waliopewa oksijeni ya huduma ya kwanza, 14% dalili ziliisha kabisa kabla ya matibabu mengine. Hapo ndipo ndugu husema amepona, turudi nyumbani. Hapana. Dalili hurudi, na tiba yenyewe ni chumba cha mgandamizo, anamopumua oksijeni chini ya mgandamizo mkubwa.

Piga simu kwanza ujue ni chumba kipi kinafanya kazi siku hiyo. Kwenye barua ya rufaa andika kina alichofika, saa aliyotoka majini, saa dalili zilipoanza, saa aliyovalishwa maski na nafuu aliyopata. Kama alizamia na kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa, muulize iko wapi. Wengi huiacha kwenye begi lenye nguo mbichi, nayo imehifadhi kila mita aliyoshuka na kupanda, kwa hiyo aende nayo.