Kane hakuharibiwa na pesa

Kila muhula nikifundisha filamu ya Citizen Kane ya Orson Welles (1941), insha za wanafunzi zinarudi na hadithi ileile: Kane, mtoto maskini mwenye furaha, alipata mali, mali ikamharibu, akafa mpweke katika jumba lake la Xanadu.

Hiyo furaha ya umaskini mmeiona wapi? Rudini Colorado, kwenye nyumba ya wageni ya mama Kane. Mpangaji aliyeshindwa kulipa amemwachia hati ya mgodi, mgodi umetoa dhahabu, na sasa mama anamkabidhi mwanawe kwa Thatcher, mtu wa benki. Mama na Thatcher wako mezani, mbele kabisa. Baba amesimama katikati akilalamika. Nyuma yao, dirishani, mtoto anacheza kwenye theluji huku maisha yake yakiamuliwa. Mpigapicha wa filamu, Gregg Toland, aliipiga shoti hiyo ili wote waonekane vizuri kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutowaona. Mama anasema sanduku la mtoto limefungwa tangu wiki nzima. Baba anataka mtoto achapwe, naye mama anajibu kwamba ndiyo maana anampeleka mahali ambapo baba hatamfikia. Itazameni mara moja mkiwa mmezima sauti, halafu mniambie nani hapo ana furaha. Mali yenyewe Kane anaishika akiwa na miaka 25, na jeraha limeshakuwa la zamani.

Kinachomwangusha ni namna anavyopenda: anatoa ili apendwe, tena kwa masharti yake. Susan, mke wake wa pili, hana sauti ya opera, lakini Kane anamjengea jumba la opera Chicago na kumlazimisha aimbe mpaka anajaribu kujiua. Baadaye Susan anamwambia usoni kwamba hajawahi kumpa chochote, alikuwa akimnunua tu. Leland, rafiki wa Kane, alishamwambia hivyohivyo kuhusu wananchi, usiku Kane aliposhindwa uchaguzi wa ugavana. Mtu huyu angekuwa na duka la rejareja tu, bado mkewe angefungasha na kuondoka. Pesa zilichofanya ni kumcheleweshea jibu.

Insha hizo hudai mengine pia. "Kane ni Hearst." Kwa sehemu. William Randolph Hearst alikuwa na magazeti na kasri, ndiyo, lakini alizaliwa tajiri na hakutengwa na mama yake. Wala Susan si Marion Davies, mpenzi wa Hearst, aliyekuwa mwigizaji hodari wa vichekesho. Welles mwenyewe aliliandika hilo baadaye.

"Kigari cha theluji kinaeleza kila kitu." Neno la mwisho la Kane, "Rosebud", ni jina la kigari chake cha utotoni. Lakini Thompson, mwandishi wa habari aliyetafuta maana ya neno hilo filamu nzima, anaondoka akisema hadhani neno moja linaweza kueleza maisha ya mtu. Msikilizeni.

"Ilishinda Oscar ya filamu bora." Hapana. Iliteuliwa mara 9 ikapata moja tu, ya mswada, waliyoipokea Welles na Herman J. Mankiewicz.