Saini yako na Katiba ya Ohio

Raia wapya wanatuuliza kila msimu wa ukusanyaji saini: kweli wananchi wanaweza kubadili Katiba ya Ohio bila kupitia Bunge la jimbo? Ndiyo, tangu 1912. Na kwenye sanduku, kura za ndiyo zikizidi za hapana hata kwa moja, marekebisho yamepita. Agosti 2023 wapiga kura waliulizwa kama kiwango hicho kipandishwe hadi asilimia 60, wakakataa. Novemba mwaka huohuo marekebisho ya haki za uzazi yakapita kwa karibu asilimia 57. Florida, ambako 60 ndiyo sheria, marekebisho ya utoaji mimba yalipata takriban asilimia hizohizo mwaka 2024 na yakaanguka.

Kazi iko kabla ya sanduku. Kwanza saini halali 1,000 na muhtasari wa marekebisho hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, ambaye ana siku 10 za kupima kama muhtasari huo ni wa kweli. Kisha bodi ya kura inahakikisha hoja ni moja tu. Ndipo zitafutwe saini sawa na asilimia 10 ya kura za ugavana zilizopita, kwa sasa zaidi ya 413,000, zikitoka angalau kaunti 44 kati ya 88, na katika kila moja ya hizo zifike asilimia 5 ya kura za ugavana za kaunti hiyo. Zote ziwasilishwe angalau siku 125 kabla ya uchaguzi. Zikipungua, waandaaji hupewa siku 10 za kujazia.

Kumbuka: kusaini si kupiga kura. Unakubali tu swali liulizwe; Novemba una hiari ya kulikataa. Fomu moja ni ya kaunti moja, kwa hiyo wa Franklin asisaini fomu ya Montgomery. Na tafadhali, usimsainie mume, mama wala jirani "kwa sababu yuko kazini". Kudanganya kwenye fomu hizo ni kosa kubwa la jinai la daraja la tano: kifungo cha miezi 6 hadi 12, na faini isiyozidi dola 2,500.

Mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia), hata kama umeishi hapa miaka 15, usisaini. Anayesaini lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa, na kosa la namna hii linaweza kuharibu ombi lako la uraia. Mkusanya saini akikuambia haina shida, mshukuru, uendelee na safari yako. Ukiwa umeshasaini, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujajaza fomu nyingine yoyote.