Senti moja inayopotea kwenye dola 19.99

Mteja wangu mmoja Zanzibar anauza safari za boti kwa watalii, bei kwa dola. Wiki ya kwanza ya malipo ya kadi, mhasibu wake akanipigia: “Kaka, kila tiketi ya 19.99 inaingia 19.98. Senti zinakwenda wapi?”

Zilikuwa zinapotelea kwenye mstari wangu wa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Mfumo wa malipo unataka kiasi kwa senti, hivyo nilizidisha bei mara mia nikaifanya namba nzima: `(int)($bei * 100)`. Nikaweka `echo`, amri ya kuchapa jibu, kabla ya `(int)`: 1999. Baada yake: 1998. Nusu siku nzima naishuku seva! Nilipojaribu `var_dump`, amri inayoonyesha thamani kwa undani zaidi, ndipo siri ikatoka: 1998.9999999999998. Kwa kawaida `echo` huonyesha tarakimu 14 tu, kwa hiyo ilikuwa inanipambia jibu. `(int)` haina upambaji. Inakata kila kilicho nyuma ya nukta.

Mfikirie muuza mchele mwenye vipimo vya nusu, robo, thumuni na kuendelea, kila kimoja nusu ya kilichotangulia. Mwambie akupimie sehemu moja ya kumi ya pishi. Atamimina 1/16, aongeze 1/32, kisha 1/256, 1/512, na hatafika kamwe. Kompyuta nayo hupima namba zenye nukta, yaani floti, kwa vipimo hivyohivyo. Floti za biti 64, zile za kiwango cha kimataifa cha IEEE 754 cha mwaka 1985, zina nafasi ya vipimo 53 tu. Zikijaa, inachukuliwa thamani iliyo karibu zaidi. 0.25 inakaa barabara. 19.99 inapungua kwa uchembe, na ukizidisha mara mia uchembe nao unakua.

Kwenye lugha za Python na JavaScript ni yaleyale: 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Anayekushauri uhame lugha, msikilize kwa adabu tu.

Siku ile niliziba kwa `(int) round($bei * 100)`. Sasa bei zinahifadhiwa kama senti, 1999, na nukta inatiwa wakati wa kuchapa risiti. Penye kamisheni natumia BCMath, nyongeza ya PHP inayokokotoa kwa desimali kamili, namba nikiipa kama maandishi, `'19.99'`. Kwenye Python vilevile, kwa `Decimal`, aina yake ya namba za desimali: `Decimal('0.1')` ni safi, `Decimal(0.1)` inarithi kasoro nzima.

Majaribio yangu ya awali yalipita kwa sababu nilitumia dola 20 na 25.50, ambazo hazina tatizo. Siku hizi naanza na 0.29, 0.57 na 4.35. Zidisha mara mia, kata, uone: 28, 56, 434.