Nesi kusomea nusukaputi: yanayosemwa na yalivyo

Msimu wa kutuma maombi ukikaribia, simu yangu haitulii. Ni manesi wenzangu wa Kisumu, Vihiga na Kakamega, na swali lao ni moja: niende nikasomee nusukaputi, yaani kazi ya kumtia mgonjwa ganzi au kumlaza usingizi wakati wa upasuaji, au nibaki wodini? Nikiwasikiliza nagundua wengi wanaamua kwa maneno waliyookota wakinywa chai, na mengi ya maneno hayo si kweli.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Kazi yenyewe ni kudunga sindano, halafu unakaa kwenye kiti."

Sindano ndiyo sehemu fupi. Mchukue mama anayepasuliwa ili ajifungue. Umemketisha, amekunja mgongo, umemtia mgongoni mililita 2 hivi za bupivakaini, dawa ya ganzi, ukamlaza. Dakika chache baadaye anakwambia, "Sista, nasikia kutapika." Mashine ya presha bado inajaza hewa mkononi mwake, lakini wewe jibu umeshalipata: presha inashuka. Unamwegemeza upande wa kushoto ili uzito wa tumbo usikandamize mshipa mkubwa wa damu, unafungulia dripu, na efedrini, dawa ya kupandisha presha, iko tayari kwa sababu uliivuta kabla hajaingia thiata. Kisha unamwomba akufinye vidole. Akifinya kwa nguvu, unashusha pumzi. Mkono ukilegea, ganzi inapanda kupita kifua, na huenda muda si muda ukalazimika kumpumulia wewe. Wakati huo wote mpasuaji macho yake yako kwenye tumbo. Sikio lako liko kwenye mlio wa oksimeta, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, ambao sauti yake huzama kadiri oksijeni hiyo inavyopungua. Hata nikiwa sokoni Kibuye, nikisikia mlio unaofanana na ule, shingo hugeuka yenyewe.

Ukiwa mtu wa kuchoshwa na kumtazama mgonjwa mmoja saa tatu bila kubanduka, fikiria mara mbili. Hilo nalisema kwa heshima, maana wodi nayo inahitaji watu.

Wengine husema nesi anaingilia kazi ya daktari. Hapa Kenya mafunzo ya manesi wa nusukaputi yalianza katika hospitali ya Kijabe mwaka 2007, kozi ya miezi 18, na baadaye yakafika Kisumu, katika hospitali ya Jaramogi ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Rasha. Maafisa wa kliniki nao wana njia yao. Na jambo lenyewe si geni duniani: mwaka 1906 Alice Magaw, nesi wa Mayo Clinic kule Marekani, alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliolazwa usingizi bila hata kifo kimoja kilichosababishwa na dawa hizo. Daktari bingwa bado tunamhitaji sana. Mgonjwa wa moyo au mtoto mchanga akiletwa, nesi aliyefundishwa vizuri hupiga simu mapema.

"Hesabu zitanishinda." Hesabu zenyewe ni kama hii: mtoto wa kilo 15, ketamini, dawa ya usingizi, miligramu 2 kwa kila kilo, jumla 30. Chupa ina miligramu 50 katika kila mililita, kwa hiyo ungempa 0.6, kiasi kidogo mno ambacho mkono unaweza kukosea. Unavuta mililita 2, unaongeza maji hadi 10, sasa kila mililita ina miligramu 10, unampa 3. Hicho ni kuzidisha na kugawa tu. Kinachotakiwa ni kuandika lebo kwenye sindano kila mara, hata saa tisa usiku.

Kuhusu Marekani niseme wazi, kwa sababu nimeona watu wakiuza shamba wakidhani kozi hii itawafikisha huko. Cheti cha Kenya hakikufanyi nesi wa nusukaputi kule. Tangu 2022 kila anayeanza masomo hayo huko huanza kwa ngazi ya shahada ya uzamivu ya kitaaluma, na kabla ya kupokewa lazima awe na leseni ya unesi ya huko na uzoefu wa kuhudumia wagonjwa mahututi. Unaweza kuvuka kama nesi wa kawaida, kisha uanze upya. Kama lengo lako ni ndege, usiifanye kozi hii kuwa tiketi.

Na mshahara? Tangu ugatuzi, kazi ya kukupandisha ngazi iko kwa kaunti, nayo haifanyiki siku unayorudi na cheti. Mimi nilikaa nikifanya kazi mpya kwa malipo ya zamani, kwa sababu niliondoka na ahadi ya mdomo. Usilipe karo kabla ya kupata barua ya ruhusa ya masomo, inayosema kama mshahara utaendelea na utafungwa na mkataba wa miaka mingapi ukirudi. Soma mkataba huo na mwenzako wa nyumbani, kwa sababu miezi hiyo 18 naye atailipia.

Kabla ya kujaza fomu, mwombe msimamizi wa thiata akuruhusu uingie zamu mbili za usiku. Usisimame upande wa mpasuaji. Simama kichwani pa mgonjwa, na ukae hapo mpaka amefungua macho na kulitaja jina lake.