Kusoma sana hakutii wazimu

"Kasoma mno, vitabu vimempanda kichwani." Unguja na Pemba hayo ndiyo husemwa kijana wa chuo akianza kuzungumza peke yake. Si kweli. Maradhi mazito ya akili, kama skizofrenia, aghalabu huanza mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, na wanaume huwahi kuliko wanawake. Huo ndio umri wa kuwa chuo kikuu, Tunguu au Beit el Ras. Mvuvi wa rika hilo naye huugua. Yeye tu hana vitabu vya kusingiziwa.

Mara nyingi mambo huwa kinyume. Mwanafunzi hukesha akijaza daftari kwa maandishi yasiyosomeka kwa sababu maradhi yameshaanza. Jamaa huliona daftari, wakadhani ndilo chanzo. Kweli, bangi, kukosa usingizi na msongo wa mitihani huweza kuyachochea. Lakini kumwachisha chuo peke yake hakumtibu. Dua aombewe, haizuii dawa. Hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu ipo mjini Unguja, na anayefikishwa kwa daktari mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi darasani.